Kwa nini kanisa la Carmo halina paa

Wengi wetu tunatamka neno gereza bila kujiuliza limetoka wapi. Wataalamu wa lugha wanalirudisha kwa Wareno, kwenye neno lao igreja, yaani kanisa. Wareno waliondoka pwani, kuta zao zikabaki, waliokuja baada yao wakazipa kazi nyingine, na neno nalo likahama pamoja na kazi. Ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, iliwahi kuwa jela kweli chini ya Waingereza, tangu 1895 hadi 1958, ndipo ikageuzwa makumbusho.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu jengo ninalotaka kulieleza lina historia ya namna hiyohiyo, ila liko kwa Wareno wenyewe, katikati ya jiji la Lisbon. Ni Carmo: iliyokuwa nyumba ya watawa, ambayo sehemu yake moja leo ni Makumbusho ya Akiolojia na sehemu nyingine ni makao ya askari. Watu wengi hulipiga picha na wachache hulielewa, na sababu ni kwamba historia yake imesukwa kwa nyuzi nne au tano zinazopitana. Nitazifumua moja moja.

Kwanza jina. Kwetu ukisema konventi, mtu anawaza masista. Kwa Wareno convento ni nyumba ya watawa wa kiume pia, na Carmo ilikuwa ya wanaume, watawa wa shirika la Wakarmeli. Aliyeijenga hakuwa askofu wala mtawa. Alikuwa jemadari, Nuno Álvares Pereira, aliyeyashinda majeshi ya Castilla, ufalme wa jirani, kwenye vita vya Aljubarrota, Agosti 1385, na kwa ushindi huo Ureno ikabaki na mfalme wake. Miaka minne baadaye, 1389, akaanza kujenga kanisa la shukrani juu ya kilima kinachotazamana na ngome ya Lisbon. Mwaka 1423 alizigawa mali zake, akavua silaha, akaingia kwenye nyumba ileile aliyoijenga, akaishi humo kama bruda wa kawaida hadi alipofariki 1431. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Sasa paa. Picha ya Carmo inayojulikana ni ya ukumbi mkuu wa kanisa: nguzo safu mbili, na juu yake matao ya mawe yaliyochongoka yanayovuka kutoka upande hadi upande bila kubeba chochote. Mbingu ndiyo dari. Mvua ikinyesha, inanyesha ndani. Maelezo anayopewa mgeni kwa haraka ni kwamba tetemeko la ardhi liliangusha paa na watu wakaamua kuyaacha magofu yawe ukumbusho. Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo muhimu.

Tetemeko lilikuwepo kweli. Lilipiga Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi baada ya saa tatu na nusu. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, kwa hiyo makanisa yalijaa watu na kila altare ilikuwa na mishumaa inayowaka. Ardhi ikatikisika kwa dakika kadhaa. Walionusurika wakakimbilia ukingo wa mto Tejo, mahali pa wazi, na huko ndiko maji yalikowafuata, kwa kuwa bahari ilirudi nyuma kisha ikaja kwa mawimbi ya tsunami. Halafu mishumaa ile, na majiko ya nyumbani, vikawasha moto uliokula mji siku baada ya siku. Pale Carmo paa la kanisa liliporomoka, na moto ukateketeza kilichobaki ndani, pamoja na maktaba ya vitabu vipatavyo 5,000. Hata kaburi la Nuno Álvares liliangamia.

Lakini watawa hawakukata tamaa. Mwaka uliofuata, 1756, ujenzi mpya ulianza. Na hapa ndipo pa ajabu: mjini bondeni, chini ya waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, nyumba zilikuwa zinajengwa kwa mtindo mpya kabisa, mistari iliyonyooka na fremu ya mbao iliyofichwa ukutani ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Juu kilimani Wakarmeli wakarudia mtindo wa Kigothi, mtindo wa babu zao, wakati ambapo karibu kila mahali Ulaya ulionekana umepitwa na wakati. Nguzo na matao yale tunayoyaona leo yakiwa yamening'inia hewani yanatokana na kazi hiyo. Hayakubakizwa na tetemeko. Ni kazi ya mafundi waliokuja baada ya tetemeko, wakijaribu kuiga mkono wa mafundi waliowatangulia kwa zaidi ya miaka 300.

Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini kanisa halina paa, jibu lina hatua mbili. Paa la kwanza lilianguka 1755. Paa la pili halikujengwa kamwe. Mlango mkubwa wa mbele, kuta za pembeni na sehemu ya altare nyuma ndiko mkono wa zama za kati unakoonekana zaidi. Mifupa ya katikati ni jengo lililokatishwa.

Nani alilikatisha? Sheria. Ureno ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1832 hadi 1834, ndugu wawili wakigombea taji: Pedro aliyetaka utawala wa katiba, na Miguel aliyetaka mfalme asiyebanwa na kitu. Nyumba nyingi za watawa zilimuunga mkono Miguel, na Miguel akashindwa. Washindi walirithi dola yenye madeni na waliyatazama mashirika ya kitawa kama adui aliyelala juu ya mali. Mei 1834 waziri Joaquim António de Aguiar aliyafuta. Watu wakampa jina la Mata-Frades, Muua-watawa, ingawa alichoua ni nyumba zao. Zile za wanaume zilifungwa mara moja na mali ikawa ya serikali. Zile za wanawake zilikatazwa kupokea wanovisi, yaani watawa wapya, na ziliruhusiwa kubaki hadi sista wa mwisho afariki. Mimi huona hukumu hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Fikiria nyumba ambayo kila mazishi yanaisogeza karibu na kufungwa, na hakuna kijana wa kushika taa.

Bila kulielewa tukio hili la 1834 huwezi kuielewa Ureno ya leo, kwa maana majengo yaliyobaki yalipaswa kupewa kazi. Bunge la nchi limo katika iliyokuwa monasteri ya São Bento. Makumbusho ya Taifa ya Vigae yamo katika konventi ya Madre de Deus. Nyumba nyingine zikawa hospitali, shule, maghala, makambi. Carmo iligawanywa vipande viwili: makazi ya watawa yakapewa wanajeshi, na kanisa ambalo halijakwisha likabaki halina mwenyewe. Kwa muda lilikuwa karakana ya kupasulia mbao, na jirani walitupa taka humo.

Kuna yatima wengine wa sheria ile ambao hawasemwi sana, nao ni mawe. Vitabu na picha za kuchorwa za watawa zilikusanywa, kwani kila mtu alijua zina thamani. Lakini jeneza la jiwe la mtu aliyekufa miaka 400 iliyopita, nguzo yenye maandishi ya Kilatini, ngao ya ukoo uliokwisha, nani anataka mzigo huo? Jiwe lililochongwa vizuri linafaa sana kujengea ukuta wa bustani. Ndivyo vingi vilivyopotea.

Hapo ndipo anapoingia Joaquim Possidónio Narciso da Silva, msanifu majengo wa mfalme. Mwaka 1863 alianzisha pamoja na wenzake chama cha wasanifu majengo, ambacho baadaye kikawa pia cha wanaakiolojia, na mwaka 1864 kanisa la Carmo likafunguliwa kuwa makumbusho. Wazo lake lilikuwa rahisi: tunalo jengo lisilo na kazi, na tunayo mawe yasiyo na kwao. Yawekwe pamoja. Paa halikuonekana kuwa hitaji la lazima. Zaidi ya hapo, watu wa karne ya 19 walikuwa wamependa magofu. Waliona uzuri katika ukuta uliovunjika na mmea uliojiotea juu yake. Fedha za kumalizia kanisa hazikuwepo, na hamu ya kulimaliza nayo ikawa haipo.

Asili hiyo ndiyo inayofafanua jambo linalomchanganya mgeni ndani: kwa nini makumbusho yanayojiita ya akiolojia yana makaburi ya wafalme, vigae, shoka za mawe, jeneza la Misri na maiti zilizokaushwa kutoka Peru? Kwa sababu mwaka 1864 neno akiolojia halikuwa na mipaka ya leo. Lilimaanisha elimu ya vitu vya kale vyote, viwe vimefukuliwa au vimeokotwa kwenye kanisa linalobomolewa. Pia usiyachanganye na Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, yaliyoanzishwa 1893 na José Leite de Vasconcelos na baadaye kuhamishiwa Belém, ndani ya monasteri ya Jerónimos. Hayo ni ya serikali. Haya ya Carmo bado ni ya chama kilichoyaanzisha, kinachoitwa sasa Chama cha Wanaakiolojia wa Ureno. Kwamba makumbusho yote mawili yamo kwenye nyumba zilizokuwa za watawa si bahati. Ni 1834 ileile.

Nataka tusimame mbele ya kitu kimoja, kwa sababu kitu hicho kinaifunga hadithi nzima. Nyuma, upande wa altare, ambako kuna paa, limewekwa jeneza kubwa la jiwe la mfalme Fernando wa Kwanza, aliyefariki 1383. Limejaa ngao za kifalme zilizochongwa, viumbe nusu mtu nusu mnyama, na mahali pamoja Mtakatifu Fransisko akipokea madonda ya Kristo. Fransisko yuko pale kwa sababu jeneza hili halikutengenezwa kwa ajili ya Carmo. Lilikaa katika kanisa la Wafransisko mjini Santarém, na lililetwa Lisbon baada ya nyumba yao kufungwa.

Sasa hesabu miaka. Fernando alikufa bila mtoto wa kiume. Binti yake, Beatriz, alikuwa ameolewa na mfalme wa Castilla, na mfalme huyo akadai Ureno kwa haki ya mkewe. Mzozo ukadumu miaka miwili ukaishia Aljubarrota, na aliyeshinda Aljubarrota ndiye aliyejenga Carmo. Kama Fernando angeacha mrithi wa kiume, kuna uwezekano mkubwa kanisa hili lisingekuwepo. Aliyesababisha nyumba ijengwe amefikishwa humo kama mkimbizi, zaidi ya miaka 450 baada ya kifo chake, huku kaburi la mwenye nyumba limeangamia na nafasi yake imeshikwa na nakala. Ningemshauri yeyote atakayefika pale aanzie kwenye jeneza hili, matao atayakuta yakimngoja.

Jeneza la Fernando linaonyesha pia udhaifu wa makumbusho ya namna hii, na sharti usemwe. Kwa mwanaakiolojia wa leo, kitu chenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mahali kilipolala: udongo uliokizunguka, mkaa uliokuwa kando yake, mfupa uliokuwa chini yake. Ukikinyanyua bila kuandika hayo, umekata ulimi wake. Mawe mengi ya Carmo yalifika hivyo, yameokolewa lakini yametenganishwa na mazingira yake. Simlaumu Possidónio, kati ya jiwe lisilo na mazingira na jiwe lililosagwa kuwa chokaa, najua ningechagua lipi.

Chumba kilicho tofauti ni kile chenye vitu vya Vila Nova de São Pedro, kijiji cha kale kilicho juu ya kilima katika wilaya ya Azambuja, kaskazini-mashariki ya Lisbon. Hapo watu wa Zama za Shaba, katika milenia ya tatu kabla ya Kristo, walijizungushia kuta za mawe, wakalima, wakafuga, wakafua shaba. Uchimbaji ulianza 1937 ukiongozwa na Afonso do Paço na Eugénio Jalhay, nao ukaendelea kwa miongo. Vilivyopatikana viliwekwa Carmo kwa kuwa wachimbaji walikuwa watu wa chama. Ukitazama kwenye kabati la kioo utaona vichwa vya mishale vya jiwe la gumegume, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, vimebanduliwa kingo pande zote mbili kwa uvumilivu wa ajabu. Hapa jibu la swali "kimetoka wapi" lipo, walau kwa sehemu, na ndiyo maana chama kimerudi kuchimba kilima kilekile miaka ya karibuni: kuyauliza tena yale ambayo mbinu za 1937 hazikuweza kuuliza.

Halafu kuna chumba kilichokuwa maktaba, chenye makabati ya mbao ya karne ya 19. Humo, ndani ya vioo, wameketi vijana wawili wa Peru, mvulana na msichana wa karne ya 16, magoti yamekunjwa hadi kifuani, ngozi imekauka juu ya mfupa. Watu wengi wanaowaona huwakumbuka kuliko jiwe lolote. Binafsi naona hapa makumbusho yana deni. Jiwe la Santarém lililetwa Carmo kuokolewa na watu wa nchi yake. Vijana hawa walizikwa na watu wao, kwa utaratibu wa watu wao, upande mwingine wa bahari, na hakuna aliyekuwa anawabomolea kaburi kwa sheria ya 1834. Waliletwa kwa sababu karne ya 19 ilipenda kuwa na mummy nyumbani. Nchi nyingi sasa zinajadili mabaki ya binadamu yaliyo makumbushoni, sisi Tanzania tukiwa miongoni mwao, kwa mafuvu yaliyochukuliwa na Wajerumani. Mtu wa Moshi au Songea anayeulizia fuvu la chifu hahitaji kuelezwa kwa nini vioo vile vinaumiza.

Umebaki uzi mmoja, ule wa makazi ya watawa, na huu unatuhusu moja kwa moja.

Nilisema makazi yalipewa askari. Mwishowe yakawa makao makuu ya Guarda Nacional Republicana, jeshi la ulinzi wa ndani, na hadi leo mlango wake uko kwenye uwanja uleule wa Largo do Carmo, hatua chache kutoka mlango wa makumbusho. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974 maofisa vijana waliasi. Walikuwa wamechoshwa na vita vya makoloni vilivyoanza 1961 Angola, vikaenea Guinea-Bissau na Msumbiji. Waziri mkuu, Marcello Caetano, akakimbilia mahali alipodhani ni salama: kambi ya Carmo. Kapteni Salgueiro Maia akamfuata na msafara wake wa magari ya kivita kutoka shule ya askari wa farasi ya Santarém, mji uleule alikotoka mfalme Fernando wa jiwe. Uwanja ukajaa raia. Wengine walipanda juu ya miti. Risasi zilipigwa kwenye ukuta wa kambi, muda wa mwisho ukatolewa, na jioni Caetano akakubali kukabidhi madaraka, lakini kwa jenerali tu, António de Spínola, ili, kwa maneno yake, madaraka yasianguke mtaani. Kisha akatolewa ndani ya gari la deraya, umati ukipiga kelele pande zote.

Katika vitabu vya Lisbon hadithi huishia kwenye maua ya karnesheni yaliyochomekwa kwenye bunduki. Kwetu inaendelea. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilikuwa imeundwa Dar es Salaam, Juni 1962. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa jijini humohumo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Februari 1969. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na watu wa Mtwara na Ruvuma waliishi miaka kumi jirani na vita, wakipokea wakimbizi kutoka Cabo Delgado. Maofisa walioasi Aprili 1974 walichoshwa na vita hivyo hivyo, kwa hiyo mkono uliougonga mlango wa Carmo ulikuwa na nguvu iliyotoka pia huku.

Septemba 1974 mkataba wa uhuru wa Msumbiji ulitiwa sahihi Lusaka. Mwezi Mei mwaka uliofuata, Samora Machel aliondoka Tanzania, akavuka mto Ruvuma, akaanza safari ya mwezi mzima kuelekea kusini, mji kwa mji, hadi mji mkuu. Tarehe 25 Juni 1975 bendera ya Ureno ikashushwa.